Redio Mbili za Kapata

Godelieve aliposukuma mlango wa uani wa nyumba ya akina Ngeleka asubuhi ile, kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta mtupu, na hapo ndipo machozi yalipomjia.

Usimcheke. Wiki zile alikuwa ameona mengi na hakulia. Aliona majirani wenye asili ya Kasai wakifukuzwa na kufunga virago, mbwa wakibaki bila wenyewe, mvua ikiwanyeshea watu waliolala kandokando ya reli wakingoja treni ya Kasai. Yote aliyameza. Lakini godoro lile la buluu, lililosimamishwa ukutani tangu kiangazi ili kuzuia kelele za nyumba ya pili zisiingie kwenye kanda za muziki, sasa lilikuwa limeondoka na lori pamoja na masufuria na cherehani. Palibaki madoa ya unyevu na msumari mmoja. Moyo una vituko vyake, huchagua wenyewe kitu cha kuulilia.

"Usiangalie vile," Ngeleka akasema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anasafisha kichwa cha redio kaseti kubwa kwa pamba aliyoichovya kwenye lutuku, ile pombe kali ya mahindi. Spiriti ya dukani ilikwisha Kolwezi nzima, na duka lenyewe pia. "Mama njo alikuwa na lazima nayo. Analala inje, ku gare ya treni."

"Siko naangalia kintu."

"Unalia juu ya godoro, Godé."

"Njo nilie juu ya nani? Weye?"

Ngeleka akatabasamu, akarudi kwenye pamba yake. Wacha tumtazame kidogo wakati bado yupo. Kijana mrefu, mpole, vidole vigumu kwa nyuzi za gitaa. Alikuwa karani wa ghala la vipuri katika kampuni ya migodi, mpaka siku aliyoambiwa getini kwamba hana kazi tena na arudi kwao. Kwao ni wapi? Alizaliwa palepale Kapata, katika nyumba hii hii ya kampuni. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na Ngeleka hajawahi hata kuikanyaga hiyo Kasai.

Muziki haukuwa kazi yake, ulikuwa ugonjwa wake. Alianza na gitaa la kuazima kwenye kwaya ya parokia, ambako Godelieve alikuwa akiimba sauti ya kwanza. Siku moja mtu akawarekodi kwa redio kaseti, na Ngeleka aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye sanduku, alikwisha. Tangu hapo mshahara ulipokuwa bado unatoka, na hata ulipoacha kutoka, mawazo yake yalikuwa kanda tu.

Alijifunza kwa kukosea. Alijifunza kwamba redio ikikaa juu ya saruji inameza vishindo vya miguu, basi akaiweka juu ya mto. Alijifunza kwamba kabati likiachwa wazi na nguo ndani, sauti inatulia. Betri zikichoka, unazianika juu ya bati la moto na zinapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Na jambo kubwa kuliko yote, alijifunza kazi ya redio mbili. Unapiga gitaa, redio kubwa inashika. Kisha kanda ile unaihamishia redio ndogo, inaliimba gitaa lako, wewe unaimba juu yake, na redio kubwa inashika vyote viwili. Halafu tena, na tena, kila mara sauti moja juu ya nyingine. Hivyo watu wawili wanaweza kuwa kwaya nzima.

Ubaya wake ni mmoja. Kinachoingia hakitoki. Jogoo akiwika, amewika milele.

Na katika nyumba ile tatizo halikuwa jogoo. Nyumba za Kapata zimejengwa mbilimbili, zinagawana ukuta, na upande wa pili wa ukuta huu aliishi Tata Mwenze, baba yake Godelieve. Mzee huyu alitumikia mashine za kuponda mawe ujana wake wote na vumbi lake lilibaki kifuani. Alikuwa akikohoa. Na alikuwa akikohoa, sijui kwa nini, kila walipofika ubeti wa tatu. Ndiyo maana ya godoro. Hata hivyo kikohozi kilipenya, nao walikuwa wakicheka mpaka wanakaa chini, halafu wanaanza upya.

Mzee hakucheka nao. Mwanzoni mwa mwaka, mambo yalipoanza kuchafuka, dada yake Adolphine alikuja akaapa kwamba Godelieve akiolewa na Mkasai, yeye hatakanyaga tena nyumba ile. Tata Mwenze akamwita binti yake, akamwambia maneno machache: "Sitaki kusikia jina ya ule kijana mu nyumba yangu." Tangu siku hiyo jina halikutajwa. Godelieve aliaga kwamba anakwenda kisimani, au kwa cherehani ya Mama Ntumba, mama yake Ngeleka, na baba yake hakuuliza mbona ndoo ni kavu.

"Tunabakiwa na sauti moja tu," Ngeleka akasema sasa. "Ile yako ya chini. King'ora ikilia, lori inakuya kunichukua. Tunaweza kumaliza."

King'ora cha adhuhuri ndicho kitu pekee cha kampuni kilichokuwa bado kinafanya kazi kwa wakati.

Godelieve alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kilichofungwa fundo mkononi, na Ngeleka alipoinua macho akakiona.

"Hii ni nini?"

"Bintu byangu."

"Bya kwenda wapi?"

"Kule unaenda."

Ngeleka akaiweka pamba chini polepole.

"Godé. Ulishafika ku gare?"

"Hapana."

"Mi nilitoka kule jana. Batu banalala mu matope. Batoto banaharisha, asubui banabeba wengine mu blanketi, habarudi nao. Wagon zenyewe hazina paa. Nitakuweka wapi? Juu ya godoro, katikati ya baba na mama?"

"Katikati ya baba na mama, ndiyo. Sina haya."

Hapo Ngeleka alitaka kucheka, mdomo ukamwendea upande, lakini macho yalikataa. "Na batu batasema nini? Banamufukuza, na yeye anaiba mutoto ya batu."

"Mi siko mbuzi baniibe."

"Tata yako atasema vile."

"Tata yangu alisema hataki kusikia jina yako. Njo vile alisema, na masikio yangu nilisikia. Sasa weye unamuhurumia juu ya nini?"

"Juu ni baba ya bibi yangu," Ngeleka akasema.

Neno lile, bibi, yaani mke, hakuwahi kulisema. Alikuwa amesema Godé, amesema mama yangu kwa utani, amesema sauti ya kwanza. Godelieve akajikuta ameegemea mlango.

"Nataka nikulombe," Ngeleka akaendelea, akimaanisha posa, na sauti yake ilishuka. "Muzuri. Baba yangu amevaa koti, mama amefunga kitambaa yake ya sikukuu, tunakaa ku lupango, ku kiwanja yenu, tunangoja bakuite. Unayua mi niliwaza ile siku mara ngapi? Sitaki nikuchukue sawa vile batu banachukua kintu mu nyumba ya kukimbia. Utakuwa bibi yangu, na maisha yote utasema, nilitoka kwetu sikuagwa."

"Na kama hautarudi?"

"Nitarudi."

"Na kama hautarudi, Ngele?"

Mwongo angejibu haraka. Huyu aliangalia mikono yake, na Godelieve akampenda kwa kutomdanganya na kumchukia dakika ileile.

"Tuimbe," Ngeleka akasema.

"Haujibu."

"Sina jibu, Godé. Niko na ile wimbo tu."

Basi akaja, maana angefanya nini. Akaweka fundo lake chini, akasimama mahali pake pa siku zote, katikati ya kabati tupu na ukuta mtupu. Redio kubwa juu ya mto wa mwisho uliobaki. Ngeleka akainua kidole, akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kutoka redio ndogo gitaa likaanza, kisha sauti ya Ngeleka, kisha sauti ya Godelieve mwenyewe ya mwezi uliopita, alipokuwa bado mtu mwenye furaha. Alijisikia vibaya kumsikia msichana yule. Akaimba chini yake, taratibu, kama mtu anayemshika mwenzake kiuno asianguke.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. Wa pili pia. Ngeleka alikuwa akimtazama, na hakuwa anatazama kazi, alikuwa anamtazama yeye, paji, mdomo, shingo, kama mtu anayesoma kitu cha kwenda kukikariri mbali. Godelieve hakuondoa macho. Wakaingia ubeti wa tatu.

Kikohozi.

Bila godoro kilikuwa kama mzee amekaa chumbani. Godelieve akakatika. Ngeleka akafumba macho, akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," ukuta ukasema.

Wakatazamana. Redio ndogo iliendelea kuimba peke yake.

"Ile sauti ya chini unaiharakisha," ukuta ukaendelea. "Ile siku ya mvua kubwa, uliiimba muzuri. Leo unakimbia."

Godelieve akapata sauti. "Tata? Uko pale?"

"Niko mu nyumba yangu. Nitakuwa wapi?"

"Ulisema unaenda Fungurume kutafuta bunga ya mahindi."

"Nilisema. Sikuenda." Kikohozi tena, kifupi. "Mulitoa godoro. Leo ninasikia hata mukipumua. Na yote mulisema, nilisikia."

Kiti kikaburutwa upande wa pili. Nyayo. Mlango. Godelieve akamshika Ngeleka mkono kwa nguvu. Hakumwogopa baba yake. Aliogopa neno moja tu, lile ambalo mzee akilisema mbele ya kijana halitarudishwa. Watu wa barabara ile walikuwa wanajua kila anayeingia nyumba ya Mkasai mchana, na walikuwa na njia zao za kumkumbusha. Tata Mwenze hakupita uani. Alipita barabarani, mbele ya wote, na alipoingia walimwona amevaa koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, Tata," Ngeleka akasema, akasimama.

"Kaa." Mzee akatafuta kiti, hakikuwepo, akakaa juu ya sanduku la mbao. Akaitazama redio kubwa. "Ile masini, ingali inashika?"

"Inashika, Tata. Nizime?"

"Iache ishike. Baba yako na mama beko wapi?"

"Beko ku gare."

"Kama bangekuwa hapa, bangekaa pale." Akaonyesha pembe ya chumba, palipokuwa na viti vya wazazi wa Ngeleka siku zote. "Sasa habako. Lakini ile masini iko na masikio. Mama yako akisikia kesho, itakuwa sawa na kukaa. Ao niko nadanganya?"

"Haudanganye, Tata."

Godelieve alikuwa hajaelewa bado. Ngeleka ndiye aliyeelewa, nikwambie, maana alianza kujifunga vifungo vya shati.

"Umekuya na nini?" mzee akauliza.

Ni swali la desturi ya posa. Upande wa mume hawaji mikono mitupu. Kuna mbuzi, kuna blanketi la mama, kuna kinywaji. Ngeleka akageuza kichwa, chumba kizima hakikuwa na kitu. Palikuwa na gitaa, mto na redio mbili. Akaweka kiganja juu ya redio kubwa, ile aliyoisafisha kwa lutuku kama mtoto mchanga.

"Hii, Tata. Njo mbuzi yangu."

"Na ile kidogo?"

"Nitaenda nayo, mama asikie."

"Na utafanya nini na moja?"

"Moja haifanye kintu, Tata. Moja inaimba, ingine inashika. Zikikaa mbali, hakuna wimbo mupya."

"Basi itakulazimu kuya," Tata Mwenze akasema.

Akakohoa, akafuta mdomo, akajiweka sawa juu ya sanduku. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kusemea mbele za watu.

"Mi, Mwenze, ninasema na baba ya Ngeleka na mama yake, Ntumba, kama vile tunaonana. Mutoto yenu alifika kwetu. Hakuiba kintu. Alilomba. Sasa tunamuuliza mwanamuke, juu bila mudomo yake hakuna muntu anagusa kintu hapa. Godelieve."

"Tata."

"Huyu muntu, unamuyua?"

"Namuyua, Tata."

"Kintu yake tupokee, ao turudishe?"

Kwa desturi hapa hakuna anayemsaidia msichana. Hakuna anayemharakisha, hata akikaa mpaka jua lizame. Shangazi yake anapaswa kusimama nyuma yake, na shangazi hakuwepo. Godelieve alisikia kanda ikizunguka. Mambo aliyokuwa akiyangoja tangu kiangazi yalikuwa mbele yake, na kwa mlango uleule Ngeleka alikuwa anatoka.

"Mupokee," akasema.

"Sema makasi, na nguvu. Mama yake eko mbali."

"Mupokee, Tata," akasema Godelieve, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. "Mupokee, musirudishe."

Tata Mwenze akainamisha kichwa. "Basi mumesikia. Bibi yenu eko kwangu. Haendi mu wagon ya kukimbia. Bibi anatoka kwao akiimbiwa, na bamama wakimushika mukono. Njia ikiwa njia, mukuye mumuchukue. Ao mumutume bwana yake. Adolphine nitamuambia mi mwenyewe." Akamgeukia Ngeleka. "Sasa zima. Betri inakufa."

King'ora kikalia wakati kidole cha Ngeleka kiko bado juu ya kitufe. Akakibonyeza.

Ngeleka akaitoa kanda kutoka redio kubwa, akavunja vile vijimeno viwili vya mgongoni kwa ncha ya kisu. Kanda iliyovunjwa vijimeno haiandikiki tena. "Sasa hakuna muntu atapitisha sauti ingine juu ya hii," akasema, na akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Ile ya redio ndogo, yenye gitaa na sauti zao mbili za siku njema, akampa Godelieve.

Nje honi ya lori ikalia.

Tata Mwenze akasimama, akageukia ukuta, akaanza kuukagua kwa makini, akiupapasa na kuugonga kama fundi aliyeitwa kuuziba. Aliukagua muda mrefu. Nyuma yake hakuna kelele iliyosikika. Ngeleka alikuwa ameushika uso wa Godelieve kwa viganja vyote viwili, vidole vyake vigumu juu ya mashavu yake, na alikuwa akimnong'oneza maneno ambayo ni ya mke wake, siyo yetu.

"Utanisikia?" Godelieve akauliza.

"Kila siku. Hata betri ikikufa, nitaianika."

"Kasai iko na jua?"

"Naambiwa iko nayo."

Akaondoka na gitaa mgongoni na redio ndogo kifuani, na hakugeuka, maana walikuwa wamekubaliana asigeuke. Aligeuka lori lilipokata kona. Godelieve alimwona.

Tata Mwenze aliibeba redio kubwa mwenyewe, barabarani, mikononi, watu wakitazama, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Godelieve alimfuata na fundo lake la kitenge. Waliingia nyumbani, mzee akauliza aiweke wapi, na Godelieve alipogeuka kumwonyesha mahali, ndipo akakiona kiti.

Kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta ule wa kati. Juu yake, usawa wa mtu aliyekaa, chokaa ilikuwa na doa la duara, jeusi kidogo, la mafuta ya kichwa. Doa kama lile halipatikani kwa siku moja. Mtu lazima akae hapo tangu kiangazi, mchana baada ya mchana, sikio ukutani, akivumilia kifua chake mpaka kifua kinamshinda, na kinamshinda palepale, kwenye ubeti ule anaoupenda.

Godelieve alilitazama lile doa, kisha akamtazama baba yake, naye mzee akawa anashughulika na vifungo vya koti.

"Tata. Ulikuwa unasikiliza."

"Nilisema sitaki kusikia jina," Tata Mwenze akajibu. "Sikusema wimbo."

Akaiweka redio juu ya meza, akavuta kiti, safari hii akakigeuza kikaelekea chumbani. Godelieve akatia kanda. Gitaa likaja, kisha Ngeleka, karibu sana, kana kwamba godoro bado liko mahali pake na yeye yuko upande wa pili. Ilimbidi ashike ukingo wa meza.

"Imba ile ya chini," baba yake akasema kwa upole. "Pole pole. Usikimbie."

"Hakuna ya kushika, Tata. Masini ingine imeenda."

"Mi nitashika. Imba. Leo sitakohoa."

Alikohoa, bila shaka, palepale kwenye ubeti wa tatu, na Godelieve hakusimama.